Mwani na Majani Yanavyosaidia Mimea Kujikinga na Maradhi

1. Mimea nayo huugua

Kila chenye uhai kina adui zake. Mwanadamu hupatwa na homa, ng'ombe hupatwa na ndigana, na mmea nao una maradhi yake. Mkulima apitaye shambani asubuhi huweza kuona majani ya maboga yamefunikwa na weupe, kana kwamba mtu ameyamwagia unga wa muhogo. Siku nyingine huona majani ya mibuni yana madoa ya rangi ya kutu upande wa chini. Au huona majani ya viazi, yaliyokuwa mazuri juzi, yamekuwa meusi na kuanza kunuka. Watu wengi husema, "Ni mvua tu," au, "Ni jua kali." Lakini mara nyingi adui mwenyewe si mvua wala jua. Adui ni kuvu.

Kuvu ni kiumbe chenye uhai, lakini si mnyama wala si mmea. Haina majani mabichi, kwa hiyo haiwezi kujitengenezea chakula kwa nguvu za jua, kama ufanyavyo mhindi au mgomba. Hula chakula kilichotengenezwa na wengine. Uyoga ni wa jamaa hiyo, na ukungu uotao juu ya mkate uliolala ni wa jamaa hiyo, na hamira itumikayo kuumua maandazi nayo ni ya jamaa hiyo. Basi si kuvu zote zilizo mbaya. Nyingi huozesha majani makavu na kuyarudisha udongoni, na pasipo kazi yao dunia ingejaa takataka. Lakini ziko kuvu zilizozoea kula mimea iliyo hai, nazo ndizo adui za mkulima.

Kuvu huzaliana kwa chembe ndogo sana, ndogo kuliko vumbi, ambazo jicho haliwezi kuona moja moja. Upepo huzichukua, matone ya mvua huzirusha, na nguo za mpita njia huzibeba. Chembe ikiangukia jani lifaalo, huota kama mbegu, na kuvu nyingi hupenda zaidi jani lenye unyevu. Hutoa uzi mwembamba. Uzi huo hutafuta tundu katika jani au hutoboa ngozi ya jani, kisha huanza kunyonya. Baada ya siku chache jani hilo moja hutoa chembe mpya maelfu kwa maelfu. Ndiyo sababu maradhi yaliyoonekana leo katika shina moja yaweza kuenea shamba zima kabla ya mwezi kwisha.

2. Njaa ya Ireland

Ili kufahamu ubaya wa maradhi haya, yafaa kukumbuka habari za nchi ya Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza. Hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 1841 ilionyesha kwamba watu wa kisiwa hicho walikuwa zaidi ya 8,000,000. Maskini wengi miongoni mwao walikuwa na vipande vidogo vya ardhi, na chakula chao cha kila siku kilikuwa viazi.

Mwezi wa Septemba mwaka 1845 majani ya viazi yalianza kuwa meusi. Watu walichimba viazi wakavikuta vimeoza, na hata vile vilivyokuwa vizima siku ya kuchimbwa vilioza ghalani. Mwaka uliofuata, 1846, maradhi yalirudi kwa nguvu zaidi, karibu viazi vyote vikaharibika. Njaa ikaingia, na homa zikafuata njaa. Katika miaka ile watu wapatao 1,000,000 walikufa, na zaidi ya 1,000,000 wengine wakapanda merikebu kwenda Marekani, Kanada na nchi nyingine.

Wakulima wa pwani ya Ireland walikuwa na desturi ya kuchukua mwani kutoka baharini na kuutia katika mashamba ya viazi uwe mbolea. Mbolea hiyo ilikuwa nzuri kwa kustawisha viazi. Lakini mwani uliofukiwa ardhini haukuwaokoa na maradhi yale. Jambo hili ni la kukumbukwa, kwa maana litafaa mbele katika somo hili.

Wakati ule watu hawakujua asili ya maradhi. Wengine walisema ni hewa mbaya, wengine walisema ni mvua nyingi. Mwaka 1846 kasisi mmoja Mwingereza, jina lake Miles Joseph Berkeley, ambaye alipenda sana kuchunguza kuvu, aliandika kwamba ukungu ulioonekana juu ya majani ndio uliosababisha maradhi, wala haukuja baada ya jani kuoza. Wengi hawakumsadiki. Mwaka 1861 mtaalamu Mjerumani, Anton de Bary, alithibitisha jambo hilo kwa majaribio: alichukua chembe za ukungu, akaziweka juu ya mimea mizima, nayo ikaugua. Wataalamu wa siku hizi wamegundua kwamba kiumbe kile si kuvu hasa, bali ni jamaa ya mbali ya mwani wa rangi ya kahawia. Walakini huishi na kuharibu kama kuvu, na wakulima hupigana nacho kwa njia zile zile. Maradhi hayo yalionekana katika nchi ya Kenya mwaka 1941, na hata leo wakulima wa viazi na nyanya katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki huyajua vema.

3. Mrututu na chokaa

Dawa kubwa ya kwanza ya maradhi ya namna hii ilipatikana Ufaransa, tena kwa sababu ya wezi. Katika wilaya ya Médoc, karibu na mji wa Bordeaux, watu hulima mizabibu. Kando ya barabara wapita njia walikuwa wakichuma zabibu za watu. Basi wenye mashamba walichanganya mrututu na chokaa katika maji, wakainyunyizia mizabibu iliyokuwa karibu na njia, ili ionekane kama imetiwa sumu.

Mwaka 1878 maradhi mapya ya mizabibu yaliingia Ufaransa, nayo yaliangusha majani ya mashamba mengi. Mwaka 1882 profesa mmoja wa elimu ya mimea, Pierre-Marie-Alexis Millardet, alipita Médoc akastaajabu kuona kwamba mizabibu ya kando ya njia ilikuwa bado na majani yake, hali ile ya katikati ya shamba imepukutika. Akauliza sababu, akaambiwa habari za wezi. Akajaribu mchanganyiko ule mara nyingi, na mwaka 1885 akatangaza jinsi ya kuutengeneza. Tangu siku ile mrututu na chokaa umetumika duniani kote, kwa mizabibu, kwa viazi, na kwa mibuni.

Mrututu una shaba ndani yake, na shaba huua chembe za kuvu zinapotaka kuota juu ya jani. Lakini shaba haiozi. Mvua huiosha na kuiteremsha udongoni, nayo hukaa pale mwaka baada ya mwaka. Katika mashamba ya mizabibu ya zamani shaba imezidi udongoni, ikadhuru nyungunyungu na viumbe vingine vidogo vitengenezavyo rutuba. Kwa sababu hiyo nchi za Umoja wa Ulaya ziliweka mpaka: tangu mwaka 2019 mkulima hapewi ruhusa ya kutumia zaidi ya kilo 28 za shaba katika hekta moja kwa muda wa miaka 7. Dawa nyingine nyingi zilitengenezwa viwandani baadaye, lakini baadhi yake ni hatari kwa mwenye kunyunyiza, na kuvu nazo zimezizoea baadhi ya dawa hizo zikawa hazifi. Basi wataalamu walianza kutafuta njia nyingine, na baadhi yao wakageuka kuutazama mwani.

4. Mwani wa Bretagne

Kaskazini magharibi ya Ufaransa iko nchi ya Bretagne, iliyozungukwa na bahari pande tatu. Maji ya bahari ile ni baridi, na katika mji wa Saint-Malo bahari huweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 12 siku za bamvua. Maji yakitoka kabisa, miamba huonekana imefunikwa na mwani mkubwa wa rangi ya kahawia. Namna moja ya mwani huo huitwa Laminaria digitata. Una kikonyo kigumu chenye kunyumbuka, na juu yake jani pana lililopasuka kama vidole vya mkono. Ndiyo maana ya jina lake.

Watu wa Bretagne wameutumia mwani tangu zamani. Waliutia mashambani uwe mbolea. Waliuchoma katika mashimo kando ya bahari wapate majivu yenye magadi ya kutengenezea kioo. Katika majivu ya namna hiyo Mfaransa Bernard Courtois aligundua ayodini mwaka 1811, ambayo baadaye ikawa dawa ya vidonda. Siku hizi mwani hukatwa kwa mashua zenye mkono wa chuma. Mwishoni mwa mkono huo iko kulabu iliyosokotwa ambayo huzungushwa chini ya maji, ikausokota mwani na kuung'oa mwambani.

Kama vile muhogo uwekavyo wanga katika mizizi yake, ndivyo mwani huu uwekavyo akiba ya chakula ndani yake. Akiba hiyo huitwa laminarini. Nayo ni sukari nyingi ndogo ndogo zilizoshikana kama shanga katika uzi. Wataalamu wa Saint-Malo, wa Roscoff, ambako kuna chuo cha elimu ya bahari kilichoanzishwa mwaka 1872, na wa Strasbourg walishirikiana kuichunguza. Waliitia laminarini katika majani ya tumbaku ambayo hayakuwa na maradhi yo yote, wakaona jambo la ajabu: majani yale yalianza kujitayarisha kupigana, kana kwamba adui amekwisha kuingia. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2000.

Baadaye laminarini ilitengenezwa kuwa dawa ya kunyunyizia. Kwanza ilitumiwa kwa ngano, kuikinga na maradhi yale ya unga mweupe, ambayo wakulima wa Afrika ya Mashariki huyaita ubwiri unga. Kisha ikatumiwa kwa matofaa na stroberi. Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya ziliiandika katika orodha ya dawa zinazoruhusiwa kutumika mashambani.

5. Mbiu ya hatari

Jani halina macho wala masikio. Je, hutambuaje kwamba adui amekuja?

Ukuta wa kila uzi wa kuvu umejengwa kwa sukari zilizoshikana, na baadhi ya sukari hizo zafanana sana na laminarini ya mwani. Kuvu ianzapo kutoboa jani, jani hutoa maji ya kuyeyusha ukuta wa adui, na vipande vya ukuta huo hutawanyika. Jani huvitambua vipande vile, kama mwenye nyumba atambuavyo alama za miguu ya mwizi uani. Hapo huanza kujikinga. Hukaza kuta za vyumba vidogo vidogo ambavyo jani limejengwa navyo, hutengeneza sumu za kuidhuru kuvu, na huzidisha yale maji ya kuyeyushia. Lakini mara nyingi hukawia. Hata jani limalizapo kujiandaa, kuvu imekwisha kuenea.

Wahenga walisema, "Mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo." Kijiji kilichosikia mbiu kabla adui hajafika hufunga milango, huondoa watoto, na kuweka walinzi njiani. Kijiji kisichosikia mbiu hukutwa kimelala. Laminarini ni mfano wa mbiu hiyo. Ikinyunyizwa juu ya jani, jani hudhani kwamba vile ni vipande vya ukuta wa kuvu, nalo hujiandaa hali adui bado yu mbali.

Kutokana na habari hiyo yaonekana wazi tofauti iliyopo baina ya mrututu na mwani. Mrututu humwua adui. Maji ya mwani hayamwui adui. Huuamsha mmea upigane wenyewe. Na katika tofauti hiyo yapo mambo matatu ambayo mkulima hana budi kuyajua.

Jambo la kwanza: dawa hii hutumiwa kabla ya maradhi, au mapema sana yanapoanza. Mkulima angojaye mpaka shamba limekuwa jeupe kwa ubwiri, kisha akanyunyiza laminarini, amepiga mbiu baada ya nyumba kuteketea. Atasema kwamba dawa ni ya uongo, kumbe ni wakati uliokosewa.

Jambo la pili: dawa hii hupunguza maradhi, lakini mara nyingi haiyaondoi yote. Mmea ulio dhaifu kwa njaa ya udongo au kwa kiu hauna nguvu za kupigana, hata ukiamshwa. Kwa hiyo dawa hii haiwezi kuchukua mahali pa mbolea, mbegu bora na palizi.

Jambo la tatu: mmea hauwezi kukesha daima. Baada ya muda mwamko hupungua, na majani mapya huota ambayo hayakuguswa na dawa. Hubidi kunyunyiza tena.

Lakini iko faida pia. Kwa kuwa laminarini si sumu ya kuvu, ni vigumu kuvu kuizoea kama zilivyozoea dawa nyingine. Wala haikai udongoni kama shaba, kwa maana ni sukari, na viumbe vya udongoni huila ikaisha.

Laminaria si mwani wa pekee wenye sifa hizo. Katika Kanada watu hutumia maji ya mwani mwingine wa kahawia, uitwao Ascophyllum nodosum. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008, karoti zilizonyunyiziwa maji ya mwani huo ziliugua kidogo kuliko karoti zilizonyunyiziwa maji matupu.

Sasa yafahamika kwa nini mwani wa Ireland haukuzuia njaa. Mwani ule ulifukiwa ardhini uoze uwe chakula cha viazi. Haukutengenezwa ukanyunyizwa juu ya majani, ambapo ndipo adui aliposhambulia. Kitu kimoja chaweza kuwa mbolea kwa njia moja na kinga kwa njia nyingine, na njia ndiyo yenye kuleta tofauti. Tena haifai kudhani kwamba maji ya mwani yangetosha kuzuia maradhi makali kama yale. Mmea ulioamshwa nao huweza kushindwa vitani.

6. Dawa za majani na miti

Si mwani tu utoao kinga. Ipo mimea ya nchi kavu pia.

Huko Ulaya kuna mmea mdogo usio na maua, wenye vijiti vyembamba vilivyozunguka shina, na kwa umbo hilo huitwa mkia wa farasi. Jina lake la elimu ni Equisetum arvense. Ndani yake mna kitu kile kile kilicho katika mchanga na kioo, nao hukwaruza mkono wa mtu aushikaye. Wakulima huukausha, huuloweka, huuchemsha, huuchuja, kisha hunyunyiza maji yake juu ya mizabibu, matango na matofaa. Mwaka 2014 nchi za Umoja wa Ulaya ziliyaruhusu maji hayo kutumika kuzuia kuvu.

Mmea mwingine ni Reynoutria sachalinensis, ambao asili yake ni Asia ya Mashariki. Maji ya majani yake hayaui kuvu kwa nguvu. Huliamsha jani la tango lipigane na ubwiri unga. Basi mmea huu hufanya kazi kwa njia ile ile ya mwani.

Tena uko mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na sasa umeenea pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Watu waliupa jina hilo kwa kuwa husemwa kwamba huponya maradhi arobaini. Mbegu zake zina kitu kiwafukuzacho wadudu, na mafuta yaliyokamuliwa katika mbegu hizo hutumika pia kwa ubwiri unga na kutu. Njia yake ni nyingine: mafuta hulifunika jani na kuzizuia chembe za kuvu zisiote. Mafuta hayachanganyiki na maji, kwa hiyo hutiwa sabuni kidogo ili yachanganyike. Hayanyunyizwi wakati wa jua kali, yasije yakaunguza majani.

Kitunguu saumu nacho, kikipondwa, hutoa kitu chenye harufu kali ambacho huua kuvu nyingi. Lakini kitu hicho hakidumu, huharibika upesi. Maji ya kitunguu saumu yaliyokaa yamepoteza nguvu zake.

Yafaa kuonya hapa. Watu wengine husema, "Dawa ya majani haina madhara, kwa kuwa imetoka katika miti." Maneno hayo si kweli. Wavuvi wajua utupa, ambao ni mmea, na wajua jinsi uuavyo samaki. Tumbaku ni mmea, na maji yake ni sumu kali kwa mtu. Dawa hupimwa kwa kazi yake na kwa madhara yake, si kwa mahali ilipotoka.

7. Mwani wa pwani ya Afrika ya Mashariki

Mtu aishiye Unguja, Pemba au Kwale aweza kuuliza, "Je, mwani wetu nao hufaa?" Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, kilimo cha mwani wa kuuza kilianza mwaka 1989. Wakulima wake wengi ni wanawake. Maji yatokapo, hufunga vipande vya mwani katika kamba zilizofungwa kwenye vijiti, wakaungoja ukue, kisha wakauvuna, wakauanika juani na kuuuza. Mwani huo hupelekwa nchi za mbali, ambako hutolewa kitu kiitwacho karaginani, cha kuzidisha uzito wa vyakula na dawa za meno.

Lakini mwani huo si Laminaria. Laminaria hupenda maji ya baridi, wala haioti katika bahari ya joto. Mwani wa Unguja ni wa jamaa ya mwani mwekundu, na sukari yake ni nyingine. Ni kweli kwamba wataalamu waliojaribu karaginani katika majani ya tumbaku waliona kwamba nayo huweza kuliamsha jani. Lakini jani moja katika chumba cha majaribio si shamba la nyanya lililonyeshewa na masika. Kati ya hayo mawili kuna kazi kubwa ya kupima.

Tena mwani utokao baharini una chumvi nyingi, na chumvi hudhuru mimea ya bustani. Mtu akichemsha mwani wo wote na kuumwagia mchicha, asishangae mchicha ukikauka.

8. Jinsi ya kupima dawa katika bustani

Watu wengi hudanganyika na dawa kwa sababu hawana kitu cha kulinganisha. Mtu hunyunyiza shamba zima, maradhi yakipungua husema, "Dawa imefanya kazi." Huenda ni kiangazi kilichofanya kazi. Kwa hiyo shule yenye bustani ifanye hivi.

Vitengenezwe vitalu sita vya maboga, vyenye udongo mmoja, mbegu moja na siku moja ya kupanda. Vitatu vinyunyiziwe dawa inayopimwa, mathalan mafuta ya mwarobaini yaliyochanganywa kwa kadiri iliyoandikwa kwenye chupa. Vitatu vinyunyiziwe maji yenye sabuni kiasi kile kile, lakini pasipo mafuta. Vitalu vya dawa na vya maji vipishane, ili kivuli au upepo usipendelee upande mmoja. Kazi ianze kabla ya maradhi kuonekana, na irudiwe kila juma.

Kisha majani 100 yahesabiwe katika kila kitalu, na yenye ubwiri yaandikwe katika daftari. Kwa mfano wa hesabu, ikiwa katika vitalu vya maji majani mabovu ni 40, 44 na 36, wastani wake ni 40. Ikiwa katika vitalu vya dawa ni 22, 30 na 20, wastani wake ni 24. Dawa imepunguza maradhi, lakini haikuyamaliza. Na kama hesabu zikiwa karibu sawa, mwanafunzi aandike hivyo hivyo. Hesabu ya kweli isiyopendeza yafaa kuliko hesabu ya kupendeza iliyo ya uongo, kwa maana mkulima atakayeisadiki hii ya pili atapoteza mavuno yake.

Wala watu wasisahau kinga zilizo za kale zisizohitaji chupa: kupanda kwa nafasi ili upepo upite, kumwagilia mizizi wala si majani, kuondoa majani mabovu na kuyateketeza, kubadilisha mazao mwaka hata mwaka, na kuchagua mbegu zisizougua upesi. Mmea uliotunzwa hivyo, mbiu ikilia, utakuwa na nguvu za kuinuka.

Maswali

1. Kuvu hupata wapi chakula chake, na kwa nini haiwezi kujitengenezea?
2. Berkeley aliandika nini mwaka 1846? De Bary alithibitishaje jambo hilo?
3. Kwa nini wenye mashamba wa Médoc walinyunyizia mizabibu ya kando ya njia?
4. Eleza tofauti iliyopo baina ya kazi ya mrututu na kazi ya laminarini.
5. Kwa nini laminarini haifai kunyunyizwa baada ya maradhi kuenea?
6. Mwani uliotiwa katika mashamba ya Ireland ulisaidia nini, na kwa nini haukuzuia maradhi?
7. Katika kupima dawa bustanini, vitalu vinyunyiziwavyo maji yenye sabuni pasipo mafuta vina faida gani?
8. Chagua mmea mmoja wa bustani ya nyumbani kwenu. Tazama majani yake kila asubuhi kwa muda wa majuma mawili, uandike yote uyaonayo.